Gwaride la asubuhi, meza ya jioni: sikukuu za Umoja wa Kisovieti

Swali la msomaji:

"Ndugu mtaalamu, pokea salamu. Nafundisha historia sekondari hapa Morogoro. Tulipofika Urusi baada ya 1917, mwanafunzi mmoja aliniuliza: kama serikali ya kikomunisti iliipiga vita dini, watu walikuwa wakisherehekea nini? Mwenzake akataka kujua kwa nini Mapinduzi ya Oktoba yaliadhimishwa Novemba. Mimi mwenyewe nina langu. Zile picha za gwaride, watu wanatabasamu na kupunga maua mbele ya viongozi: walilazimishwa, au walifurahi kweli? Na leo kumebaki nini?"

Jibu:

Mwalimu, salamu zimefika, na wanafunzi wako wamenifurahisha. Hilo swali lako mwenyewe nimekuwa nalo tangu miaka ya themanini, nilipokuwa mwanafunzi Voronezh, mji ulio kusini mwa Moscow. Niruhusu nianze na jepesi la tarehe, kisha tuingie kwenye zito.

Urusi ya Tsari ilikuwa bado inafuata kalenda ya Juliasi, ambayo kanisa la Kiorthodoksi la huko linaishika mpaka leo, ilhali nchi za Ulaya Magharibi zilikwisha kuhamia kalenda ya Gregori. Katika karne ya 20 tofauti ya kalenda hizo ilikuwa siku 13. Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Lenin, walipotwaa madaraka Petrograd, mji mkuu wa wakati huo, kalenda za huko zilisema 25 Oktoba 1917; London siku hiyohiyo ilikuwa 7 Novemba. Mwanzoni mwa 1918 Lenin akatia saini amri ya kubadili kalenda, na watu waliolala tarehe 31 Januari wakaamka 14 Februari. Jina la Oktoba lilikuwa limeshaota mizizi, likaachwa. Ndiyo sababu pia yale yanayoitwa Mapinduzi ya Februari, yaliyomng'oa Tsari, kwa hesabu yetu yalianza 8 Machi 1917, wanawake wa viwanda vya nguo vya Petrograd walipotoka barabarani kudai mkate.

Sasa, walisherehekea nini? Wabolsheviki hawakufuta wazo la sikukuu. Walijua vizuri sana kwamba mtu aliyezoea mwaka wenye Krismasi, Kwaresima na Pasaka hawezi kuachiwa mwaka mtupu. Sheria ya kazi ya Desemba 1918 ilitaja siku sita: Mwaka Mpya; 22 Januari, kuwakumbuka wafanyakazi waliopigwa risasi na askari wa Tsari mwaka 1905 walipokuwa wakimpelekea maombi yao; 12 Machi, kuanguka kwa utawala wa Tsari; 18 Machi, Komuni ya Paris ya mwaka 1871, yaani serikali ya wafanyakazi iliyozimwa kwa damu; Mei Mosi; na 7 Novemba. Wasomee wanafunzi orodha hiyo polepole, uone kama hawatagundua wenyewe. Ina mashahidi waliomwaga damu, ina kushindwa kwa Paris, ina ushindi wa Novemba. Ni mwaka wa kanisa uliojazwa watu wengine. Tena sheria ileile iliruhusu mabaraza ya vyama vya wafanyakazi ya kila mahali kuongeza siku zisizozidi kumi kwa desturi za wenyeji, na kwa mlango huo Krismasi na Pasaka ziliendelea kuwa mapumziko kwa miaka kadhaa. Ukali ulikuja baadaye.

Mei Mosi, kama ujuavyo, haikuzaliwa Moscow. Chanzo chake ni mgomo wa Marekani wa 1886, wenye kumbukumbu ya Chicago, wa kudai kazi isizidi saa nane kwa siku, na mkutano wa wasoshalisti uliofanyika Paris mwaka 1889 ndio ulioipanga kuwa siku ya wafanyakazi wa dunia nzima. Sisi nasi tunaandamana siku hiyo kwa fulana na mabango ya vyama vya wafanyakazi. Kilicho cha Kisovieti ni kwamba anayedaiwa alikuwa ndiye mwandaaji. Serikali ilikuwa mwajiri wa karibu kila mtu, na serikali hiyohiyo ndiyo iliyoandika mabango.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Kila sikukuu ya Kisovieti ilikuwa na sikukuu mbili ndani yake: ya asubuhi ilikuwa ya serikali, ya jioni ilikuwa ya watu. Ukitazama picha peke yake unaona asubuhi tu.

Asubuhi ilitawaliwa mpaka herufi ya mwisho. Kabla ya Mei Mosi na kabla ya 7 Novemba, gazeti la chama, Pravda, lilichapisha miito ya Kamati Kuu: orodha ndefu ya sentensi zilizoruhusiwa kuandikwa kwenye mabango na kutangazwa kwa vipaza sauti. Mtu hakutunga bango lake. Waliowahi kujaribu ni wafuasi wa Trotsky, mpinzani wa Stalin ndani ya chama. Tarehe 7 Novemba 1927, mapinduzi yalipotimiza miaka kumi, waliingia barabarani Moscow na Leningrad (ile Petrograd ya zamani) na maneno yao wenyewe dhidi ya Stalin. Mabango yakachanwa, watu wakapigwa, na baada ya wiki moja Trotsky akafukuzwa chamani. Tangu hapo, kwa miaka sitini hivi, hakuna aliyepita mbele ya kaburi la Lenin akisema lake.

Hata viongozi walitawaliwa na siku hiyo. Mpangilio wao juu ya jukwaa la kaburi la Lenin, nani yuko karibu na nani na nani hayupo, ulisomwa na wananchi na mabalozi kama watu wanavyosoma mawingu ya masika. Na kiongozi hakuwa na ruhusa ya kuumwa. Brezhnev, kiongozi wa nchi, alisimama pale kwenye baridi tarehe 7 Novemba 1982, mzee aliyechoka, akipunga mkono kwa saa kadhaa. Tarehe 10 akafariki.

Kazi za nchi nzima nazo zilipimwa kwa sikukuu. Kiwanda, daraja, jengo la ghorofa, vyote viliahidiwa "kwa ajili ya Novemba". Mfano mkubwa ni wa 1957. Setilaiti ya kwanza ilikuwa imeruka Oktoba 4, na Khrushchev, kiongozi wa nchi wakati huo, akataka nyingine ya kuipamba miaka 40 ya mapinduzi. Wahandisi walikuwa na chini ya mwezi mmoja. Sputnik 2 ikarushwa tarehe 3 Novemba ikiwa na mbwa Laika ndani, na chombo hakikuwa na njia yoyote ya kumrudisha. Nikifundisha habari hiyo, huyo mbwa ndiye wanafunzi wanayemkumbuka mwaka mzima.

Kuhusu picha za watabasamu, nikusimulie niliyoyaona. Mwaka wangu wa pili Voronezh, wiki moja kabla ya 7 Novemba, ofisi ya kitivo ilibandika orodha ukutani: nani atabeba bango, nani atabeba picha ya kiongozi yupi, nani atashika maua. Maua yalikuwa ya karatasi, yamekazwa kwa waya kwenye vijiti. Sisi wageni kutoka Afrika, Asia na Amerika Kusini tulipangwa pamoja, maana tulikuwa ushahidi wa urafiki wa mataifa. Tulikusanyika saa moja asubuhi kwenye barabara ya pembeni, tukasubiri zaidi ya saa mbili tukikanyagakanyaga theluji ili miguu isife ganzi. Kodiani ilikuwa inapigwa. Watu walipitishiana chupa ya chai ambayo ndani hamkuwa na chai peke yake. Kisha safu ikaanza kusogea, tukaingia uwanja wa Lenin, kipaza sauti kikataja chuo chetu, kikatoa wito, nasi tukaitika "Uraaa!" Mbele ya jukwaa hatukukaa dakika tatu. Tulipokata kona tu, lori lilikuwa linangoja. Picha za viongozi zikapandishwa juu zikilazwa moja juu ya nyingine, na mtunza stoo akawa anazihesabu, kwa sababu kila moja ilikuwa imesainiwa.

Karibu nami alikuwa mama mmoja mfanyakazi wa maktaba, amemshika mjukuu wake mkono, mtoto ana puto jekundu. Nilikuwa nimeshazoeana naye, nikamwuliza kama amelazimika kuja. Akasema jina lake liko kwenye orodha. Tukatembea kidogo, akaongeza kwamba hata lisingekuwepo angekuja: mtoto anapenda puto, na shoga zake wa kiwanda alichofanyia kazi zamani huwaona siku hiyo tu, pale kwenye kona ambapo safu zinavunjika.

Mwalimu, hilo ndilo jibu la swali lako, na sijapata lililo bora zaidi. Kulazimishwa kulikuwepo, ila mara nyingi hakukuwa kwa bunduki. Kulikuwa kwa orodha, kwa mkuu wa idara kukutazama Jumatatu, kwa nafasi yako kwenye foleni ya nyumba au ya safari ya mapumziko ya chama cha wafanyakazi. Waliokubali kubeba bango zito walipewa mara nyingine siku moja ya ziada ya kupumzika. Furaha nayo ilikuwepo. Mei Mosi hasa: baridi imeondoka, watoto wako mabegani mwa baba zao, muziki unasikika kila kona. Mtu anaweza kufurahia mambo hayo yote bila kusikia neno hata moja linalotoka jukwaani.

Kisha ikafuata jioni. Siku chache kabla ya sikukuu, kazini watu waligawiwa kifurushi cha vyakula vilivyokuwa adimu dukani: soseji kavu, njegere za kopo, mayonezi, pengine kopo la samaki. Njegere zile na mayonezi ile ndiyo saladi ya Olivier, ambayo bila hiyo meza ya sikukuu huko haihesabiki kuwa meza: viazi, karoti na mayai ya kuchemsha, matango ya chumvi, soseji, vyote vimekatwa vipande vidogo kama punje za mahindi. Jioni ile ya Novemba nilialikwa kwenye chumba cha watu watano ambamo tuliingia kumi na wawili. Tulikula viazi na samaki wa chumvi, tukaimba mpaka usiku wa manane. Hakuna aliyetaja mapinduzi. Si kwa kuogopa. Hayakumjia mtu akilini.

Turudi nyuma sasa kwenye ule ukali nilioutaja, kwani ndio uliowaonyesha watawala wenyewe mipaka yao. Septemba 1929 serikali ilitoa amri ya wiki isiyokatika. Wafanyakazi waligawanywa makundi matano, kila kundi na rangi yake: njano, waridi, nyekundu, zambarau, kijani. Kila mmoja alifanya kazi siku nne na kupumzika ya tano, lakini kila rangi kwa siku yake, ili mashine zisizime kamwe. Jumapili ikapoteza maana, na Ijumaa kwa Waislamu vilevile. Krismasi, Pasaka, hata Mwaka Mpya zikawa siku za kazi. Zikabaki za serikali tano tu: 22 Januari, ambayo sasa ilikuwa pia ya kumkumbuka Lenin aliyefariki Januari 1924, Mei 1 na 2, na Novemba 7 na 8. Kwa karatasi ulikuwa mpango mzuri. Kwa maisha, mume alikuwa wa njano, mke wa kijani, na mtoto shuleni ana rangi yake. Watu walipumzika peke yao. Malalamiko yalifika mpaka magazetini, na mashine zisizopumzika zikaanza kuharibika. Mwaka 1931 wakaja na wiki ya siku sita yenye pumziko la pamoja, na tarehe 26 Juni 1940, vita vikinukia, Jumapili ikarudishwa. Miaka kumi na moja walijaribu kuiua.

Mti wa Krismasi nao ulikuwa umepigwa marufuku kama ushirikina. Tarehe 28 Desemba 1935 Pravda likachapisha barua ya Pavel Postyshev, kiongozi wa chama kule Ukraine, akiuliza kwa nini watoto wa wafanyakazi wanyimwe raha ya mti uliopambwa. Kila mtu alielewa kwamba barua ya namna hiyo haichapwi bila Stalin kukubali. Zilikuwa zimebaki siku tatu, lakini miti ikapatikana. Ikaitwa ya Mwaka Mpya, nyota ya Bethlehemu ikawa nyota nyekundu, na mzee wa zawadi akawa Ded Moroz, yaani Babu Jalidi, na mjukuu wake msichana wa theluji. Postyshev mwenyewe aliuawa na serikali yake mwaka 1939. Mti wake ungali unasimamishwa kila Desemba. Kuanzia 1948 siku ya 1 Januari ikawa tena ya mapumziko, na ndiyo iliyopendwa kuliko zote, kwa sababu moja: haikuwa na asubuhi. Hapakuwa na gwaride wala orodha ukutani. Ilianza saa sita usiku kwa mlio wa saa ya Kremlin redioni, watu wamo majumbani mwao.

Dini haikutoka, ilihamia jikoni. Bibi walipaka mayai ya Pasaka rangi kwa kuyachemsha na maganda ya vitunguu. Maduka ya serikali yenyewe, ikikaribia Pasaka, yaliuza keki iliyofanana kabisa na mkate wa Pasaka wa Kiorthodoksi, ila kibandiko kiliandikwa "keki ya majira ya kuchipua". Kila mnunuzi alijua anachonunua. Huko Asia ya Kati, Kazakhstan iliiondoa sherehe ya Nauryz mwaka 1926, na haikurudi hadharani hadi 1988. Waambie wanafunzi wako kwamba hiyo ni ndugu wa Nairuzi, ambayo watu wa Makunduchi huiadhimisha kwa Mwaka Kogwa. Miaka 62 wazee wa Kazakhstan waliipika ile supu yake ya nafaka nyumbani kimyakimya.

Nimeiacha 9 Mei kwa makusudi, kwa kuwa hiyo inahitaji nafasi yake.

Umoja wa Kisovieti ulipoteza watu wapatao milioni 27 katika vita na Ujerumani ya Hitler. Haikuwepo familia isiyofikiwa. Hati ya Wajerumani kusalimu amri ilitiwa saini Karlshorst, Berlin, usiku wa 8 Mei 1945. Moscow ilikuwa imeshavuka saa sita, ndiyo maana wao wana 9 Mei na Ulaya Magharibi wana 8. Tarehe 24 Juni 1945, mvua ikinyesha, Marshali Zhukov, kamanda mashuhuri wa vita hivyo, aliingia Uwanja Mwekundu wa Moscow juu ya farasi mweupe, na askari wakatupa bendera 200 za jeshi la Ujerumani chini ya kaburi la Lenin. Ungedhani siku ya ushindi kama huo ingetukuzwa milele. Haikuwa hivyo. Desemba 1947 Stalin aliifanya 9 Mei kuwa siku ya kazi kama nyingine. Zhukov alikuwa ameshapelekwa mbali, Odessa, tangu 1946. Kwa maoni yangu sababu iko hapo: siku ile ilikuwa mali ya askari, na watu waliovuka mto Elbe na kuiona Ulaya kwa macho yao walikuwa na ushujaa ambao hawakupewa na chama. Kwa miaka 17 waliiadhimisha wenyewe, baada ya saa za kazi, makaburini na mezani.

Brezhnev, aliyekuwa vitani mwenyewe, aliirudisha kuwa mapumziko mwaka 1965. Mwaka huohuo redio na televisheni zikaanza kutangaza dakika ya kimya kwa ajili ya waliokufa. Mei 1967 mwenge usiozimika ukawashwa kando ya ukuta wa Kremlin kwenye Kaburi la Askari Asiyejulikana, lenye maneno haya: "Jina lako halijulikani, ushujaa wako haufi." Nililitembelea nilipokuwa mwanafunzi. Lakini kilichoniliza sikukiona pale. Nilikiona mbele ya ukumbi wa Bolshoi, ambako askari wa zamani walikutana kila 9 Mei. Walisimama wamevaa medali zao, kila mmoja ameinua kibao kidogo chenye namba ya kikosi chake, wakitafutana. Kikundi kimoja walikuwa wanawake, wauguzi wa mstari wa mbele, wanashikana nyuso na kulia. Pembeni yao alisimama mzee mmoja na kibao chake, na kwa muda wote niliokuwepo hakuna aliyemjia. Hakukishusha.

Ile ndiyo sikukuu ambayo serikali na watu walikutana kweli. Serikali iliitumia, tena sana, lakini haikuibuni. Na katika mwaka huohuo wa 1965 waliiongeza 8 Machi, siku ya wanawake, kuwa ya mapumziko. Hiyo ilianza kama siku ya madai, ikaishia kuwa ya maua ya mimosa na wanaume kuosha vyombo mara moja kwa mwaka. Mabadiliko hayo siyasifu. Katika miaka ya Brezhnev siku za mapumziko za nchi nzima zilikuwa nane, mbali na siku za kazi maalumu zisizo za mapumziko, ikiwemo ya wachimba makaa na ya walimu, hii ya mwisho Jumapili ya kwanza ya Oktoba.

Asubuhi ya serikali iliharibika kabisa, kwa maoni yangu, tarehe 1 Mei 1986. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka usiku wa kuamkia 26 Aprili, kiasi cha kilomita 100 kaskazini mwa Kyiv. Mji wa Pripyat ulihamishwa kesho yake, na jioni ya tarehe 28 televisheni ikasoma tangazo fupi mno. Ilipokaribia Mei Mosi upepo ukageukia Kyiv na mionzi ikapanda. Maandamano hayakuahirishwa. Watu walipita barabara kuu ya Khreshchatyk, watoto wamo, wasichana wamevaa nguo za halaiki, kwa sababu mtaa mtupu siku hiyo ungeuambia ulimwengu ukweli. Waliokuwa wazazi siku ile hawakuisamehe serikali yao. Hili si la kulazimishwa wala la kufurahi: watu walikuja kwa kuamini kwamba sikukuu ni salama.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1989, tarehe 23 Agosti, watu wapatao milioni mbili wa Estonia, Latvia na Lithuania walishikana mikono kwa zaidi ya kilomita 600 kuadhimisha siku ambayo haikuwemo kwenye kalenda yoyote ya Moscow: miaka 50 ya mkataba wa Hitler na Stalin uliowapoka nchi zao. Mei Mosi 1990 safu zilipopita Uwanja Mwekundu zilikuwa na mabango ambayo Pravda halikuyachapisha, watu wakamzomea Gorbachev, kiongozi wa mwisho wa Umoja huo, naye na wenzake wakashuka jukwaani. Novemba 7 mwaka huohuo lilikuwa gwaride la mwisho. Mtu mmoja akafyatua risasi katikati ya umati akimlenga Gorbachev. Novemba iliyofuata hapakuwa na gwaride.

Leo kumebaki nini? Urusi ilibadili jina la 7 Novemba mwaka 1996 kuwa siku ya maafikiano na upatanisho, na kuanzia 2005 ikaiondoa kwenye mapumziko, ikaweka 4 Novemba kukumbuka Wapolandi walivyofukuzwa Moscow mwaka 1612. Kulikuwa na manung'uniko ya wakomunisti wazee, basi. Saladi ile ya jioni yake ilihamia kwa urahisi kwenye Mwaka Mpya, maana haikuwa imefungwa na Lenin. Belarus wangali wanapumzika 7 Novemba. Krismasi ya Kiorthodoksi, 7 Januari, ikawa mapumziko tena Urusi mwaka 1991. Mei 9 imebaki nzito kuliko zote, na ndiyo maana inagombaniwa: Urusi imeigeuza kuwa ya makombora na vifaru, na Ukraine, ikiwa imevamiwa, mwaka 2023 ilihamishia kumbukumbu ya vita tarehe 8 Mei. Wajukuu wa watu waliolala handaki moja sasa wanawasha mishumaa siku mbili tofauti.

Kwa kipindi chako kijacho nakushauri usianze na gwaride. Andika ubaoni 25 Oktoba na 7 Novemba, uwape dakika tano wakuambie imekuwaje siku moja. Kisha kata karatasi za rangi tano, wagawe katika familia za watu watano, baba, mama na watoto watatu, kila mmoja achote karatasi bila kuangalia. Waambie wako mwaka 1930. Halafu wenye rangi moja ndani ya familia moja wasimame pamoja, na waliobaki wakae wanakokaa.